Anayejua asishike mausi

Ukimaliza kidato cha nne hapa Embu, kila shangazi na kila mjomba ana swali moja kwako: "Umefanya pakeji?" Zamani pakeji zilikuwa Word, Excel na zile zingine, halafu unapewa cheti ukiweke kwa bahasha ya kaki. Siku hizi mabango ya vyuo mjini yameongeza neno lingine: maltimidia. Photoshop, Illustrator, Premiere, kurekodi sauti, kuhariri video. Njoo na karo, njoo na kitambulisho, miezi mitatu uko sawa.

Mimi sina ugomvi na kozi hizo. Kazi ziko. Mazishi yanataka kijitabu chenye picha za marehemu, harusi inataka video, mtu wa siasa za wadi anataka bango, msanii anayeimba kwa Kiembu anataka video ya wimbo wake, mwenye duka la nguo anataka picha safi za kuweka WhatsApp. Ugomvi wangu ni jinsi kozi zinavyofundishwa: mwalimu mmoja, kasi moja, watu ishirini ambao kila mmoja anajua kitu tofauti. Mwezi wa pili ukiisha, nusu ya viti viko vitupu, na utasikia watu wakisema vijana wa siku hizi hawana subira.

Subira waache nayo. Hebu kwanza tuangalie ni nani amekaa kwa hivyo viti.

Kuna msichana ametoka pande za Kiritiri au Ishiara. Karo yake imetoka kwa muguka na ndengu za msimu uliopita, na hajawahi kushika mausi maishani. Kando yake kuna jamaa wa Dallas, hapa mjini, ambaye huhariri video za TikTok kwa CapCut akiwa amekaa kwa matatu na anazimaliza kabla ya kushuka. Nyuma yao kuna mama mwenye saiba. Ameandikia watu barua na CV kwa miaka mingi, Word anaijua kama jiko lake, lakini Photoshop hajawahi kuifungua. Kuna mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu anayetafuta ujuzi wa pembeni. Kuna kijana wa bodaboda anayetaka chaneli ya YouTube. Wote wamelipa karo ile ile na wote wanaambiwa, "Fungueni ukurasa mpya."

Na tofauti zao hazikutoka kwa akili. Mto Tana umezibwa pale Kamburu, Gitaru na Kiambere, umeme unatoka hapo kuelekea mbali, na kuna boma huku Mbeere zilizokaa miaka zikitazama nyaya zikipita juu ya paa. Mwaka wa 2016 serikali ilianza mpango wa kupeleka tableti kwa watoto wa darasa la kwanza. Wale waliokuwa darasa la kwanza mwaka huo ndio waliofanya KCPE ya mwisho 2023, na mwaka wa 2027 wanapaswa kumaliza kidato cha nne. Kuna waliozigusa zile tableti, na kuna waliosikia hadithi yake tu. Wote watagonga mlango wa chuo kimoja siku moja. Kwa hivyo usidhani shida hii itaisha yenyewe ati kwa sababu kila mtu sasa ana simu.

Sasa darasa likianza, huwa inakuwaje? Nitakuambia nilichoona mwenyewe kabla sijaacha chuo, na jina la chuo halina haja hapa. Mwalimu alichora ubaoni menyu za programu, moja baada ya nyingine, File, Edit, Image, Layer, na sisi tukanakili kwa daftari. Wiki mbili nzima. Waliokuwa wageni walinakili bila kujua wananakili nini, kwa sababu jina la menyu bila kazi mkononi ni kama kukariri majina ya steji za barabara ambayo hujawahi kupita. Waliokuwa wajuaji walikuwa chini ya meza na simu. Wa kwanza kutoroka walikuwa wajuaji, wakisema hakuna jipya. Waliofuata walikuwa wageni, lakini hao hawakusema kitu. Mgeni huwa haagi. Anakosa Jumatatu moja, halafu mbili, halafu unamkuta sokoni akikwepa macho yako.

Huyo wa pili ndiye ananiuma. Mjuaji akiondoka ana CapCut yake na wateja wake. Mgeni akiondoka anarudi nyumbani na deni la karo na wazo moja kichwani: kwamba kompyuta ni za watu wengine. Hilo wazo ni gumu kuling'oa, na nyumbani kuna wadogo zake wanaomtazama.

Watafiti wana jina la sehemu ya jambo hili. Mwaka wa 2003 Slava Kalyuga, John Sweller na wenzao waliandika kwamba maelezo ya hatua kwa hatua, yale ya "bonyeza hapa, sasa bonyeza pale", humsaidia sana anayeanza, lakini kwa anayejua tayari yanaweza hata kumrudisha nyuma, maana akili yake inahangaika kusikiliza kitu ambacho haihitaji. Maana yake ni kwamba hakuna somo moja litakalowafaa wote wawili, hata mwalimu awe mzuri vipi. Usimlaumu mwalimu peke yake. Laumu mpangilio.

Ngazi si moja

Vyuo vingine vikiona hivyo huja na jibu la haraka: darasa la wanaoanza upande huu, darasa la wajuaji upande ule. Ni afadhali, lakini bado haijafika.

Rudi kwa yule jamaa wa Dallas. Kwa simu, jicho lake liko sawa. Anajua wapi akate, muziki uingie wapi, maandishi yakae sekunde ngapi. Mweke kwa kompyuta umwambie ahifadhi kazi yake kwa folda, kesho aifungue kwa mashine nyingine. Atapotea. Simu ilimficha mambo ya faili maisha yake yote. Premiere haibebi video zako ndani ya projekti, inakumbuka tu mahali zilipo. Ukihamisha folda, au ukichomoa flashi, unafungua kazi yako unakuta skrini imejaa wekundu na maandishi kwamba midia haipo. Nimeona vijana wajanja sana wakitaka kulia hapo, wakidhani kazi ya wiki nzima imefutika.

Yule mama wa saiba naye hawezi kupata shida hiyo hata siku moja. Folda zake zina majina na tarehe. Kasi yake kwa kibodi huwezi kuifikia. Lakini mwambie atengeneze bango, ataweka fonti sita, rangi tano na picha ya maua kila kona. Jicho bado.

Na msichana wa Kiritiri? Mkono ndio bado, mausi inamkimbia. Lakini mpe picha kumi za harusi umwombe achague tatu zinazosimulia siku ilivyokuwa, na utashangaa. Kupanga hadithi hakuhitaji stima.

Kwa hivyo darasani hakuna ngazi moja yenye watu wa juu na watu wa chini. Kuna ngazi tatu angalau: mkono, jicho na faili. Karibu kila mtu yuko juu kwa moja na chini kwa nyingine. Ukilielewa hilo, kugawa darasa hakuwi tena kuaibisha mtu. Leo tunafanya mambo ya faili, jamaa wa TikTok anakaa na wanaoanza. Kesho ni mpangilio wa bango, mama wa saiba anakaa na wanaoanza. Makundi yanabadilika kulingana na somo, na hakuna anayebandikwa jina la "wale wa nyuma" kwa miezi mitatu.

Ushahidi uko hapa Kenya

Najua kuna mtu atasema kugawanya wanafunzi ni ubaguzi, kwamba ukiweka wanyonge pamoja watazama pamoja. Hofu hiyo ina msingi, na imewahi kupimwa hapa hapa Kenya.

Mwaka wa 2005, magharibi mwa nchi, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya kazi na shule 121 za msingi zilizokuwa zimepata mwalimu wa ziada, kwa hivyo darasa la kwanza likagawanywa mara mbili. Kwa takriban nusu ya shule, watoto waligawanywa kulingana na alama zao za mwanzo. Kwa nusu nyingine waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, shule zilizogawanya kwa alama zilikuwa mbele, na cha muhimu ni kwamba watoto waliowekwa kundi la chini nao walifaidika, si wale wa juu peke yao. Maelezo yao: mwalimu mwenye darasa la watu wanaokaribiana anaweza kufundisha pale walipo. Utafiti huo ulichapishwa 2011, na mwaka wa 2019 Duflo na Kremer walikuwa miongoni mwa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi zao za kupima njia za kupunguza umaskini.

Sawa, wale walikuwa watoto wa darasa la kwanza wakijifunza kusoma na hesabu, na sisi tunaongea kuhusu watu wazima na Photoshop. Siwezi kukuambia ni kitu kimoja. Lakini hoja ya msingi inasimama: kumfundisha mtu pale alipo si kumdharau. Kumfundisha pale ambapo hayupo, huku ukichukua karo yake, hiyo ndiyo dharau.

Siku ya kwanza, fanyeni kazi

Basi chuo kifanye nini? Siombi kompyuta mpya wala jengo. Naomba vitu vitatu.

La kwanza, siku ya kwanza pasiwe na notisi. Mpe kila mtu kazi ndogo ya nusu saa: picha mbili, maneno machache, tengeneza tangazo la kuuza maembe. Atumie anachojua, simu, Word, hata karatasi na kalamu. Kisha ahifadhi, aipeleke kwa mashine ya mwalimu. Kwa hiyo nusu saa mwalimu atakuwa ameona mkono, jicho na faili za kila mtu. Hakuna fomu ya usajili inayoweza kumwambia hivyo. Gredi ya KCSE haitamwambia, na cheti cha pakeji pia hakitamwambia. Mitihani ya ufundi ya NITA imekuwa ikipima mafundi kwa kazi ya mikono yao kwa miaka mingi. Fundi wa magari anaambiwa onyesha, haambiwi simulia. Kwa nini mtu wa video asianze hivyo?

La pili, kazi iwe moja kwa wote, lakini iwe na vina tofauti. Chukua kijitabu cha mazishi, kazi ambayo kila mtu hapa Embu ameishika mkononi. Anayeanza aweke picha ya jalada, jina na tarehe, zikae sawa kwenye ukurasa. Aliyepiga hatua asafishe ile picha ya zamani iliyofifia na yenye mikunjo, ambayo familia imeitoa kwa fremu ukutani. Aliye mbele zaidi apange kurasa zote ziwe tayari kwa mchapishaji, rangi zisibadilike zikifika kwa karatasi, kisha atoe na video fupi ya kumbukumbu. Wote wanazungumzia kitu kimoja darasani, wanaona kazi za wenzao, na hakuna anayengoja. Yule wa kwanza anaona hatua inayofuata kwa macho, iko meza ya pili.

La tatu ndilo nililoandika pale juu: anayejua asishike mausi. Kompyuta ni kumi na watu ni ishirini, hiyo ni hali yetu, na watu wawili wawili huishia kushiriki mashine. Bila sheria, unajua nani atashika mausi. Ni yule mjuaji, na mara nyingi ni mwanamume. Mwenzake anakaa kando akisema "ehe, nimeona", na mwisho wa kozi amejifunza kutazama. Geuza. Asiyejua ashike mausi na kibodi, anayejua atumie mdomo peke yake. Waandika programu wana desturi kama hii, wawili kwa kompyuta moja, mmoja anaandika, mwingine anaelekeza, halafu wanabadilishana.

Na usidhani mjuaji anapoteza hapo. Kumweleza mtu kitu bila kumnyang'anya mausi ni kazi ngumu kuliko kukifanya. Jaribu kumweleza mtu leya ni nini bila kugusa skrini. Utajikuta unasema, "Fikiria vioo viwili, kimoja juu ya kingine, umechora kwa cha juu, cha chini bado kinaonekana." Ukifika hapo, umeielewa leya kuliko ulivyoielewa jana. Na siku mteja atakapokuuliza kwa nini bango lake litachukua siku mbili, utakuwa na maneno.

Na nyumbani je?

Kuna jambo moja zaidi linalopanua pengo, na darasani halionekani. Mjuaji anaenda nyumbani na laptopu, anafanya mazoezi usiku. Mgeni anaenda nyumbani na daftari. Wakirudi Jumatatu, umbali kati yao umeongezeka bila mtu yeyote kufanya kosa.

Adobe iliacha mtindo wa kununua programu mara moja na kuanza kulipisha kwa mwezi, tangu 2013. Kwa kijana asiye na kazi, malipo ya kila mwezi kwa dola ni mlima. Wengi wanajifunza kwa nakala za magendo, halafu wakimaliza kozi hawana chochote. Ndiyo maana nasema chuo kifundishe pia vya bure. GIMP ni ya picha, Inkscape ya michoro na nembo, Audacity ya sauti, Kdenlive ya video. Photopea inafunguka kwa kivinjari na inasoma faili za Photoshop. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye nguvu, ingawa hiyo inataka mashine yenye misuli, usijaribu kwa ile laptopu ya binamu yako. Na CapCut ya simu isidharauliwe. Kama mazoezi ya nyumbani yanaweza kufanywa kwa simu, yape uzito sawa na ya kompyuta. Kukata video, kupanga hadithi, kuoanisha sauti na picha, hayo yote jicho linaweza kujifunza kwa simu, na mkono utafuata ukifika darasani.

Pia saa za maabara ziwe wazi kwanza kwa wasio na mashine nyumbani. Kama chumba kinakaa kitupu Jumamosi alasiri, kifunguliwe. Hilo halihitaji pesa, linahitaji mtu mmoja mwenye ufunguo.

Mwalimu mmoja ataniambia hana muda, silabasi ni ndefu na mtihani unakuja. Namwelewa. Lakini silabasi inayomalizwa mbele ya viti vitupu imemalizwa kwa ajili ya nani? Bora watu ishirini wanaojua kutengeneza kitu kimoja kizuri wakakiuza, kuliko wanane waliopitia menyu zote.

Sasa wewe unayesoma hii ukiwa na karo tayari kwa M-Pesa, usitume bado. Nenda chuoni kwanza, uulize maswali matatu. Siku ya kwanza nitafanya nini? Mashine moja ni ya watu wangapi, na nani hushika mausi? Baada ya saa za darasa, naweza kuingia kufanya mazoezi? Wakikujibu kwa kukupa kipeperushi chenye orodha ya programu, shukuru, ukipokee, kisha vuka barabara ukaulize kwa chuo kinachofuata.

Na kama wewe ndiye mjuaji wa darasa lako, kesho ukikaa kando ya yule msichana wa Kiritiri, sogeza mausi upande wake. Halafu weka mikono mfukoni.